Kijana ameificha saa yetu kwenye debe la unga. Tulikosea wapi?

#1 FundiSaketi
Habari zenu wakuu. Nina swali, na naomba msinirukie kabla sijamaliza.

Tuko watatu, tuna ofisi ya chumba kimoja hapa Nairobi. Tangu mwaka jana tunaunda saa ya mkononi ya kuwasaidia vijana wenye ulemavu wa akili kusafiri peke yao. Ina GPS, ina laini ya simu, kitufe kimoja chekundu, na inaongea Kiswahili: "Jitayarishe kushuka." Ukiacha njia inakuambia, na mzazi anatumiwa ujumbe. Kabla ya kuunda tuliketi na wazazi kumi na mmoja, mara nne, chai na mandazi kwa gharama yetu. Walichosema wanataka ndicho tulichounda.

Vijana sita wakapewa wajaribu. Mmoja ana miaka 26, ana Down syndrome, anaishi Kayole na anafanya kazi kwenye karakana ya sabuni upande wa Jogoo Road. Nitamwita Bosi kwa sababu ndivyo anavyojiita. Wiki tatu za kwanza alikuwa nyota wetu, saa haitoki mkononi hata kanisani. Wiki ya nne, ramani inaonyesha haendi kazini. Yuko nyumbani Jumatatu hadi Ijumaa, hasogei. Tukampigia mamake. "Bosi? Ameenda kazini kama kawaida." Akatafuta. Saa ilikuwa ndani ya debe la unga, imevishwa soksi.

Mwenzangu anadai Bosi na wenzake wangeketi mezani nasi tangu siku ya kwanza. Mimi nauliza: mtu asiyejua kusoma saa ya ukutani atachangia nini kwenye kubuni saa? Nijibuni.

#2 NyaniHaoni
Soksi tena! Huyo kijana amekushinda wewe na setilaiti zako zote.

#3 TichaMstaafu
FundiSaketi, nimefundisha kitengo maalumu miaka 22, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Kwanza, watu wakisikia "ulemavu wa akili" wanafikiria ugonjwa wa akili. Sivyo. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote, wakati wowote, na hutibiwa. Ulemavu wa kiakili huanza utotoni: kujifunza kunachukua muda mrefu zaidi, na vitu visivyoshikika kama hesabu, saa na pesa vinasumbua. Huyo Bosi wako alizaliwa na nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili. Hakuna cha kutibu hapo.

Pili, hilo swali lako la mwisho. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye hakuwahi kujua mikono ya saa inasema nini. Lakini hakuchelewa basi la shule hata siku moja. Alikuwa anaondoka nyumbani muuza maziwa akishaegesha baiskeli kwa jirani. Muuza maziwa akiugua, alikuwa anangoja mtu wa pili, mama anayefungua kibanda cha mboga. Alikuwa na saa ya akiba! Ungemuuliza akubunie saa, angekupa kitu ambacho mimi na wewe hatungekiwaza.

#4 KondaktaMstaafu
Mimi nimening'inia mlango wa matatu za Kayole miaka tisa. Nina swali moja tu kwa mwenye uzi. Jogoo Road ikikwama jioni, dereva hamuulizi mtu, anakata kona anaingia mitaani kwa njia ya panya. Saa yako inasema nini hapo?

#5 FundiSaketi
@KondaktaMstaafu inasema "Umetoka kwenye njia. Rudi." Na inarudia kila dakika hadi urudi. Tuliweka sauti juu sana kwa sababu ya muziki wa matatu.

#6 KondaktaMstaafu
Arudi vipi, aruke dirishani? Fikiria abiria kumi na wanne wanageuka kukuangalia kwa sababu mkono wako unapiga kelele kwamba umepotea, na hujapotea. Nyote mko kwenye gari moja, na ni wewe peke yako unayeambiwa umepotea. Hata mimi ningetia saa soksi.

#7 BintiPwani
Ndugu zangu, mbona mwazunguka? Kuna msichana. Kijana wa miaka 26, ana kazi, ana pesa yake, halafu mamake anapata ujumbe kila akikata kona. Kaka yangu ana hali kama hiyo, naishi naye South B. Alipoanza kupitia kwa rafiki yake kunywa soda baada ya kazi, kitu cha kwanza kilichopotea kilikuwa simu. "Imeanguka." Imeanguka wapi? Chini ya godoro!

#8 NyaniHaoni
Nampigia kura msichana.

#9 MamaZawadi
Nyinyi mnacheka. Binti yangu ana miaka 19, haongei. Alitoka langoni asubuhi moja nikiwa naanika nguo, akapatikana usiku wa siku ya pili. Mnaosema habari ya uhuru, hamjawahi kukaa kwenye benchi la kituo cha polisi na picha ya mtoto mkononi mkiulizwa "sasa mama, ulimwachilia vipi?" Mimi ningekuwa mmoja wa wale wazazi kumi na mmoja, ningeomba saa isiyovuliwa kabisa. Mwanzisha uzi, ulifanya vizuri kutusikiliza.

#10 TichaMstaafu
Pole sana mama. Sina la kukupinga hapo.

#11 WakiliWaMtaa
Naongeza ya kisheria, kisha narudi kwa mafaili. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 12 kinasema mtu mwenye ulemavu ana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na akihitaji msaada wa kuamua, apewe msaada. Kuamuliwa na mwingine ni jambo jingine. Kifungu cha 4 kinataka watu wenyewe washauriwe kwa karibu katika mambo yanayowahusu. Kisha kuna sheria ya ulinzi wa data ya 2019. Bosi ni mtu mzima, na mahali alipo saa tatu asubuhi ni data yake. @FundiSaketi, nani alitia sahihi fomu ya idhini? Pia kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003.

#12 Karani_Kimya
Marekebisho madogo kwa wakili: hiyo ya 2003 imeshapita. Kuna sheria mpya ya 2025.

#13 WakiliWaMtaa
Ni kweli, vidole vimezoea. Ahsante.

#14 FundiSaketi
Fomu walitia sahihi wazazi. Zote sita. 😬

#15 DarMwembamba
Salamu kutoka Dar. Uzi mzuri, ila Kiswahili chenu kinanipa homa. Hicho kifaa kinaitwa saa janja, kama simu janja. Na hao vijana huku tunasema wana mtindio wa ubongo.

#16 BintiPwani
@DarMwembamba mjanja wa Nairobi ndiye atakayekuibia hiyo saa janja. Wacha tuseme erevu.

#17 TichaMstaafu
@DarMwembamba mtindio wa ubongo wengi hulitumia kwa hali ya misuli na mwendo, ile ya ubongo kuumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Mtu anaweza kuwa nayo na bado akawa profesa. Tusichanganye. Majina haya yana historia mbaya: kipofu, kiziwi na kiwete tuliwatupa ngeli ya vitu, na hawa wetu tukawapa taahira na zezeta. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inataja hata namna ya kuwaita: isiwe ya kuwadhalilisha.

#18 DarMwembamba
Nimekuelewa mwalimu. Lakini janja libaki.

#19 MsomiWaUsiku
FundiSaketi, swali lako lina umri wa miaka hamsini na zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Norwei, kompyuta zilipokuwa zinaingia viwandani, chama cha wafanyakazi wa chuma kilikataa kuletewa mashine zilizoamuliwa ofisini na wakubwa. Wakashirikiana na Kristen Nygaard, yule yule aliyeunda lugha ya kompyuta ya Simula pamoja na Ole-Johan Dahl. Wewe ni mwandishi wa programu, hutaki kumdharau babu yako. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mchomeleaji haijui kompyuta, lakini kazi ya kuchomelea anaijua kuliko mwenye kompyuta. Badala ya mchomeleaji, weka Bosi na safari ya Kayole.

Ila nakuonya. Ukimuuliza "Saa ni nzuri?" atakujibu ndiyo. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba watu wengi wenye ulemavu wa kiakili, wakiwa na shaka, huitikia ndiyo kwa swali lolote, hata maswali mawili yanayopingana. Wengi wamefunzwa tangu utotoni kwamba ndiyo ndiyo jibu lisiloleta matatizo.

#20 NyaniHaoni
Hiyo ya kujibu ndiyo, mume wangu pia yumo kwenye utafiti.

#21 Mkono_wa_Birika
Nitakuwa mbaya wa uzi. Nimeona haya mambo ya "kuwashirikisha". Kijana mmoja anavalishwa fulana ya mradi, anawekwa katikati ya picha, anapewa soda, ripoti inaandikwa. Anayeamua bado ni yule mwenye kompyuta na yule mwenye pesa. Na hata mkiwa wakweli, mtachagua nani? Mtachagua Bosi, anayeongea na kuchekesha watu. Binti ya MamaZawadi asiyeongea hamtamwita. Kwa hiyo hata meza yenu itakuwa na wateule wake. Sijui kama ni bora kuliko kuwauliza wazazi.

#22 MamaZawadi
Birika umesema. Lakini wangu ana njia yake. Kiti, usiku, mvua, kila kitu ana namna ya kukisema kwa mikono. Nimemvalisha vitu vitatu vya kufuatilia mpaka sasa, na vyote alivitupa. Kimoja chooni. Cha tatu kilikuwa mkufu, akakaa nacho miezi miwili kabla ya kukitupa. Sijawahi kujiuliza kwa nini miezi miwili hicho, na vingine siku moja.

#23 TichaMstaafu
Mama, hilo swali ulilojiuliza sasa hivi ndilo FundiSaketi angelipwa kuuliza.

#24 Mkaaji_Pipeline
Nitoke nje ya mada kidogo. Mimi na dadangu tunakaa pamoja, yeye ana ulemavu huu tunaousema, mita ya stima iko mlangoni. Tokeni ina tarakimu 20. Nikiingiza mimi nakosea mara mbili. Yeye hawezi kuzihesabu, lakini ananiambia nimsomee nne nne, na kila nne akibonyeza anahamisha kifungo kutoka kikombe hadi kikombe. Vifungo vitano. Hajakosea tangu aanze.

Sasa mnakumbuka Novemba 2024 wakati mita zote zilitakiwa kusasishwa? Ukinunua tokeni unaletewa namba tatu za tarakimu ishirini, mbili za kusasisha, moja ya umeme, na lazima zifuate mpangilio. Ploti yetu nzima ilikuwa gizani, watu na digrii zao. Dadangu akapita mlango kwa mlango na vikombe vyake. Alikula chapati wiki nzima.

#25 KondaktaMstaafu
Huyo dada aajiriwe leo.

#26 Karani_Kimya
Kwa wanaotaka maandishi: mwongozo wa kimataifa wa tovuti, WCAG toleo la 2.2 la mwaka 2023, una kipengele kuhusu kuingia kwenye akaunti. Mtu asilazimishwe kukumbuka nywila au kutatua fumbo kichwani bila kupewa njia nyingine. Na hapa kwetu kuna kiwango cha kitaifa cha KS 2952, kilichotoka 2022, kuhusu vifaa na huduma za kidijitali kufikiwa na watu wenye ulemavu. FundiSaketi, mlikisoma?

#27 FundiSaketi
Naomba kutojibu hilo hadharani.

#28 Samaki_wa_Nchi_Kavu
Habari za saa hizi, nimechelewa kwenye uzi. Jambo moja linanisumbua na hakuna aliyeligusa. Betri ya hiyo saa inakaa muda gani?

#29 FundiSaketi
Siku moja, ukibahatika siku na nusu.

#30 Samaki_wa_Nchi_Kavu
Na umesema ilikuwa ndani ya debe Jumatatu hadi Ijumaa, na siku zote tano mliiona kwenye ramani. Nani alikuwa anaichaji?

#31 NyaniHaoni
😳

#32 BintiPwani
Weeee.

#33 FundiSaketi
Samaki, nimesoma swali lako nikakaa na simu mkononi dakika kumi. Mamake hata hakujua iko pale. Maana yake Bosi mwenyewe anaitoa usiku, anaichaji, anairudisha kwenye soksi, na soksi kwenye unga. Kila siku. Kuna kitu kingine sikusema: chaji ikiisha, mzazi anatumiwa ujumbe. Ikiwa na chaji na imetulia nyumbani, hakuna ujumbe wowote.

#34 KondaktaMstaafu
Kwa hivyo ameisoma programu yenu yote bila kuona hata mstari mmoja. Na wewe ulikuwa unauliza atachangia nini.

#35 Mkono_wa_Birika
Au alifundishwa tu kuchaji kila jioni na anafuata alichofundishwa, kama vile wengi wao wanavyopenda utaratibu usiobadilika. Msimfanye jasusi bila ushahidi.

#36 TichaMstaafu
Birika ana haki ya kusema hivyo. Yote mawili yanawezekana. FundiSaketi, nenda kamuulize, lakini uulize vizuri. Usiulize mbele ya mamake. Usiulize ofisini kwako, safiri naye. Sentensi fupi, swali moja kwa wakati. Chora kadi mbili, aonyeshe kwa kidole, kisha zibadilishe upande na uulize tena, maana wengine huonyesha ya kulia kila mara. Ukimaliza swali, nyamaza. Hesabu hadi kumi kabla ya kufungua mdomo. Kumi ni nyingi kuliko unavyodhani. Na umlipe siku yake, ameacha kazi kwa ajili yako.

#37 MsomiWaUsiku
Na mwambie anaweza kukataa, kwa maneno anayoyaelewa. Kisha tazama kama kweli anaamini anaweza.

#38 DarMwembamba
Hiyo saa inaongea tu au pia inasikiliza?

#39 FundiSaketi
Inaongea tu. Tulijaribu kuifanya isikie, matamshi ya vijana wengi ikashindwa kuyafahamu.

#40 MsomiWaUsiku
Si yenu peke yenu. Mwaka 2019 Google waliomba watu wenye Down syndrome kupitia shirika lao la Kanada warekodi sauti zao, kwa sababu hiyo hiyo. Mashine ilikuwa imefundishwa kwa sauti za watu wengine.

#41 FundiSaketi *(siku tatu baadaye)*
Nimerudi. Nimesafiri na Bosi kwenda na kurudi, siku mbili. Naandika nilivyoona, mtafsiri wenyewe.

Njia anaijua. Hahesabu vituo, anaangalia ukuta wenye tangazo la rangi, kisha mama wa mahindi, kisha geti la kijani. Asubuhi alinigusa bega nishuke kabla yule makanga hajaita. Sasa jioni ya pili mvua ikanyesha. Nauli ya hamsini ikawa mia. Bosi akakauka. Alikuwa ameshikilia noti ya hamsini kwa vidole viwili, ameinyoosha, makanga anapiga kelele "ongeza hamsini", na yeye anazidi kuinyoosha ile noti. Nikataka kulipa, nikamkumbuka Ticha, nikahesabu. Nilipofika saba akainama, akavua kiatu, akatoa hamsini nyingine kwenye SOKSI.

Pesa yake ya thamani anaiweka kwenye soksi, wakuu. Na mamake akiba yake ya dharura anaificha kwenye debe la unga. Kwa hiyo sasa sijui kama aliificha saa au aliihifadhi.

Kadi: saa mkononi, saa kwenye debe. Alionyesha debe. Nikabadilisha upande. Debe. Nikauliza kwa nini. Nikahesabu hadi kumi na tano. Akasema: "Inalala."

#42 KondaktaMstaafu
Inalala maana yake imenyamaza. Nilisema ni kelele. Na sasa umeona shida iko wapi: si njia, ni nauli ya mvua. Hiyo ndiyo mngewatengenezea, na hakuna mzazi angewaambia kwa sababu mzazi hayuko ndani ya matatu saa hiyo.

#43 BintiPwani
Inalala ili yeye aamke. Mimi bado niko na msichana.

#44 Samaki_wa_Nchi_Kavu
Inalala maana inachajiwa. Watu wengi huambia watoto simu imelala ikiwa kwenye chaji. Labda anasema tu alichosikia.

#45 MamaZawadi
Mimi nimeshika hilo la mkufu. Nimekumbuka: ule mkufu haukuwa na sauti kabisa. Ulianza kulia betri ilipokuwa mbovu, na wiki hiyo ndiyo aliyoutupa. Lakini pia ndiyo wiki shule zilifungwa, kwa hiyo sijui. FundiSaketi, mkitengeneza nyingine isiyopiga kelele, mniambie. Bado nataka kujua alipo.

#46 FundiSaketi
Nitakuambia, mama. Fomu mpya zimechorwa picha, wakili ameahidi kuzipitia bure (WakiliWaMtaa, nimeandika hapa mbele ya mashahidi). Bosi anakuja ofisini Alhamisi saa tisa. Nilimuuliza anataka kulipwa kiasi gani. Amesema mia tano na chapati.

#47 NyaniHaoni
Chapati ngapi?

#48 FundiSaketi
Nne. Nilijaribu tatu, akanyoosha vidole vinne, akavishikilia vile vile alivyoshikilia ile noti.